Koili ya silinda moja inakufa kila mara: tafuta kinachoiua

Mwalimu mmoja aliniletea Toyota IST ya mwaka 2003, injini 1NZ-FE, inamisi, yaani silinda mojawapo inakosa kuwaka. Kwenye buti alikuwa na mfuko wenye koili tatu. Zote zilikuwa zimetoka silinda ya 3, zote zimefungwa na kutolewa ndani ya miezi 14. Ya nne ilikuwa kwenye injini, nayo imeshaanza kukohoa. Kila fundi aliyempitia alifanya kitu kilekile: alichomeka mashine ya kusoma hitilafu, akasoma P0303, namba ya kumisi kwa silinda ya 3, akasema koili, akafunga nyingine. Gari likatulia, mwalimu akalipa. Baada ya miezi mitatu au minne, tatizo likarudi.

Mafundi hao hawakumdanganya. Cheche ilikuwa haipo kweli, na koili mpya iliirudisha kweli. Ila hakuna aliyeuliza kwa nini inakufa hiyo ya silinda ya 3 tu, wakati zile tatu nyingine ni zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani. Nimeandika haya kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu inauma kuona mtu wa mshahara akinunua spea ileile mara nne.

Mifano yangu ni ya 1NZ-FE kwa kuwa imejaa barabarani kwetu: Vitz, IST, Probox, Fielder, Allion na Premio za cc 1500. Injini nyingine yoyote yenye koili moja juu ya kila plagi inapimwa kwa njia hiihii.

Linamisi wakati gani?

Kabla ya kushika spana, muulize mwenye gari, au jiulize mwenyewe: linamisi lini?

Koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi makumi ya maelfu ili cheche iruke mwanya wa plagi. Kiasi kinachohitajika hubadilika kila wakati. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia kwenye silinda, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka. Kwa hiyo koili au plagi iliyochoka hujificha gari likiwa limesimama na kuunguruma taratibu, kisha hujitokeza ukianza kupanda Kitonga au Sekenke umejaza abiria na mizigo. Likishtuka-shtuka mlimani na kutulia tambarare, anza na upande wa cheche.

Hali ikiwa kinyume, yaani gari linatetemeka kwenye foleni lakini likikimbia linakuwa laini, usikimbilie koili. Hapo naangalia hewa inayoingia pasipotakiwa, nozeli ya kupulizia petroli iliyoziba au valvu isiyofunga vizuri. Tundu dogo la hewa linaisumbua injini inapovuta hewa kidogo tu. Ikikimbia, hewa ni nyingi na tundu hilo halina athari tena.

Linalomisi likishapata moto, nusu saa ndani ya foleni, kisha likipoa linapona, mara nyingi lina koili ambayo waya wake wa ndani umekatika na kuachana unapotanuka kwa joto. Linalomisi asubuhi baada ya mvua au baada ya kuoshwa injini lina maji au ufa. Na linalomisi dakika mbili za kwanza asubuhi, huku maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovuja, linaweza kuwa linapitisha maji kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi. Hilo ni jambo kubwa zaidi ya koili, lishughulikie haraka.

Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima wakati gari linamisi, ondoa mguu kwenye mafuta na utafute pa kusimama. Taa hiyo inamaanisha petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuungulia ndani ya masega ya katalisti, kile kisafisha moshi. Masega yakiyeyuka yanaziba njia ya moshi, na bei yake inazidi koili zote nne kwa mbali.

Mashine inasema silinda, haisemi sababu

P0301 hadi P0304 inakwambia silinda ipi inamisi. P0300 ni kumisi kwa kuhamahama, silinda zaidi ya moja. P0351 hadi P0354 ni habari nyingine: kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inalalamikia saketi ya koili yenyewe, yaani waya, soketi au swichi ya ndani ya koili. Hapo nenda kwenye waya kwanza. Ukiona P0171 pamoja na kumisi, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na koili mpya haitasaidia kitu.

Silinda ya 1 ni ile iliyo upande wa mkanda wa feni. Nalisema kwa sababu nimeona koili nzima ikitolewa upande wa giaboksi na mbovu kubaki ndani.

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayazungumzi na kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachouzwa kwa ajili ya simu, japo soketi inaingia vizuri. Kisipounganika, usihitimishe kwamba kontrol boksi imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani. Na akishasoma namba, mwombe asiifute kabla hajaangalia taarifa zilizohifadhiwa pamoja nayo: resi zilikuwa ngapi, injini ilikuwa na moto kiasi gani, gari lilikuwa limebeba mzigo au limesimama. Taarifa hizo zinajibu lile swali la "lini" hata kama mwenye gari hakumbuki.

Hamisha kabla ya kununua

Kipimo hiki hakina gharama. Zima injini, iache ipoe. Toa koili ya silinda ya 3, weka kwenye silinda ya 1, na ya 1 iende kwenye 3. Futa namba, endesha gari katika hali ileile inayolifanya limisi. Ikija P0301, koili ndiyo yenye hitilafu, imehama nayo. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Hamisha plagi kwa njia hiyohiyo, kisha ndipo uifikirie nozeli.

Kupima koili hizi kwa om za mita hakufai. Zina swichi ya kielektroniki ndani yake, na mita inasoma swichi badala ya waya uliozungushwa. Fundi akikwambia koili ni nzima kwa kuwa mita imesoma namba fulani, mwombe afanye kipimo cha kuhamisha.

Na tafadhali, usinyanyue koili kutoka kwenye plagi injini ikiwa inazunguka ili usikie silinda ipi imekufa. Ni mazoea ya zamani ya waya za plagi. Cheche isiyokuwa na pa kwenda inatafuta njia ndani ya koili yenyewe, na hapo umeua spea kwa kuipima. Ukitaka kusikia tofauti, chomoa soketi ya nozeli ya silinda moja kwa sekunde chache. Silinda ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo isiyofanya kazi.

Toa plagi uisome

Kazi kubwa iko hapa, na hapa ndipo wale mafundi wanne walipaswa kufika. Koili inatoka kwa bolti moja ya namba 10. Plagi inahitaji soketi ndefu ya namba 16 na dakika kumi zaidi. Dakika hizo kumi ndizo zinazorukwa.

Kwanza mulika tochi ndani ya shimo kabla ya kuingiza soketi. Shimo linatakiwa liwe kavu kabisa. Likiwa na oili, inyonye kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, umalizie kwa kitambaa, ndipo ufungue plagi. La sivyo oili yote inamwagikia kwenye silinda. Fungua injini ikiwa baridi, maana silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake huharibika ikiwa ya moto.

Sasa ishike plagi kwenye mwanga wa jua na uizungushe polepole. Angalia kaure nyeupe, sehemu ya juu inayoingia kwenye mpira wa koili. Ukiona mstari mweusi mwembamba unaoshuka toka juu hadi kwenye chuma, kana kwamba mtoto kachora kwa penseli, umeona alama ya mhalifu. Cheche imeacha kuruka kwenye mwanya na imepita nje, juu ya kaure, hadi kwenye bodi. Kisha chukua mpira wa koili iliyokaa juu ya plagi hiyo, ukunjue mdomo wake: mara nyingi utakuta mstari pacha upande wa ndani, au kitobo kidogo cheupe kilichoungua. Vyote viwili vibadilishwe kwa pamoja. Ukiweka plagi mpya na mpira wenye mstari, cheche itafuata njia ileile na kuichora plagi mpya. Ukiweka koili mpya juu ya plagi yenye mstari, ni vivyo hivyo kwa upande wa pili. Hivi ndivyo koili inavyokufa mara nne kwenye silinda moja.

Usichanganye mstari huo na duara la rangi ya kahawia linalozunguka kaure karibu na chuma. Duara hilo ni vumbi la oili lililovutwa na umeme, halina madhara. Nimeona plagi nzuri zikitupwa kwa ajili yake.

Kisha pima mwanya kwa fila geji. Plagi za kawaida za injini hii, kwa mfano Denso K16R-U11, zinatakiwa ziwe na milimita 1.0 hadi 1.1. Ncha zikilika, mwanya unafika 1.4 hadi 1.5 na koili inalazimika kupandisha volti zaidi kila cheche, mamia ya mara kwa dakika, siku nzima. Siku plastiki na gundi iliyomo ndani ya koili inaposhindwa kuzuia volti hizo, cheche inatobolea humohumo. Ndiyo maana nasema plagi iliyochoka inaua koili iliyo nzima. Plagi za kawaida usizipitishe kilomita 20,000 hadi 30,000. Za iridiamu halisi huenda mbali zaidi, lakini za bandia ni nyingi sokoni, kwa hiyo bei rahisi kupita kiasi iwe onyo.

Ncha ya chini nayo inasema. Ikiwa imelowa petroli, silinda haikuwashwa. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au cheche dhaifu. Weupe wa chokaa ni hewa nyingi. Oili kwenye ncha imetoka ndani, kwenye ringi za pistoni au sili za valvu; oili kwenye kaure ya juu imetoka nje, kwenye shimo. Watu wengi huambiwa injini imekufa kwa sababu ya oili ambayo ni ya shimoni tu.

Oili kwenye shimo

Oili yenyewe haipitishi umeme kirahisi. Ubaya wake ni kwamba inaula mpira wa koili. Mpira unavimba, unalainika, unapasuka, halafu uchafu unaoelea kwenye oili unatengeneza njia ya cheche. Koili mpya inaweza kufanya kazi ndani ya shimo lenye oili kwa wiki kadhaa bila tatizo, na hapo ndipo kila mtu anaamini kazi imekwisha.

Oili inapita kwenye ringi za mpira zilizo kati ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, na mirija ya plagi. Zikikaa miaka ishirini zinakuwa ngumu kama plastiki. Zinabadilishwa pamoja na gasketi ya tapeti kava. Nunua seti yenye ringi nne za mirija ndani yake, kwa sababu gasketi ya pembeni peke yake haitibu shimo. Kwenye pembe mbili ambapo kava la cheni linakutana na silinda hedi, weka tone la silikoni. Kaza bolti kidogokidogo kwa kupokezana, usizitese.

Kisha ng'oa valvu ya PCV, ile ndogo inayovuta mvuke wa oili kutoka kwenye tapeti kava kurudi kwenye manifodi, njia ya hewa inayoingia kwenye silinda. Itikise sikioni. Ikilia kachekache, inapumua. Ikiwa kimya, imeganda kwa uchafu, presha inajaa ndani ya injini na itasukuma oili kwenye ringi mpya kama ilivyosukuma kwenye za zamani. Nimefunga ringi mpya bila kuangalia PCV nikiwa bado najifunza kazi hii, na gari lilirudi kabla mwaka haujaisha. Tangu hapo siiruki.

Maji

Kuosha injini kwa mashine ya presha kunajaza mashimo ya plagi. Maji yakikaa chini ya koili yanachemka, mvuke unapanda ndani ya mpira, na kesho yake gari linamisi. Toa koili zote, puliza kwa kompresa, acha kofia ya injini wazi juani saa moja. Pakaa grisi ya silikoni kidogo mdomoni mwa mpira kabla ya kurudisha. Kuanzia hapo, injini ifutwe kwa kitambaa.

Umeme unaofika kwenye koili

Soketi ya koili ya 1NZ ina waya nne: wa moto unaoleta umeme wa betri, wa athi unaorudi kwenye hasi, wa amri kutoka kontrol boksi, na wa kurudisha taarifa kwamba koili imefanya kazi. Mita peke yake inaweza kukudanganya kwenye waya wa moto. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12, kwa kuwa mita haibebi mzigo wowote. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe kati ya moto na athi kwenye soketi iliyochomolewa, fungua ufunguo, na upime volti balbu ikiwa inawaka. Zikipungua zaidi ya nusu volti kulinganisha na betri, kuna kutu, fyuzi iliyolegea au waya uliokatika ndani ya plastiki. Hamisha mguu wa athi wa balbu hadi kwenye betri: mwanga ukiongezeka, athi ndiyo mbaya. Tumia pini nyembamba. Ukipanua vishikio vya soketi umeongeza ugonjwa wa pili.

Angalia pia klipu za soketi. Joto la miaka mingi linazifanya zivunjike kama biskuti, na soketi isiyojifunga inacheza kila gari likiruka tuta. Injini ikiwa inaunguruma, tikisa waya wa kila koili taratibu, ukisikiliza.

Mwisho wa upande huu ni altaneta. Injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Ikipita 15, altaneta inachoma kila kitu cha umeme, na koili ni miongoni mwa vya kwanza kuondoka.

Magari yaliyofungwa gesi

Dar es Salaam sasa kuna magari mengi yanayotumia gesi asilia, na ndiyo yanayoniletea koili nyingi. Gesi inahitaji volti kubwa zaidi kuwashwa kuliko petroli. Koili na plagi ambazo kwenye petroli zingevumilia mwaka mzima zinaanza kumisi kwenye gesi. Kipimo ni rahisi: rudisha swichi kwenye petroli. Likitulia, cheche ni dhaifu, au mfumo wa gesi haujasetiwa vizuri. Kwa magari hayo napunguza mwanya hadi karibu milimita 0.8, na nabadilisha plagi mapema. Plagi ya iridiamu usiigonge kupunguza mwanya, ncha yake inavunjika. Nunua yenye mwanya unaotakiwa.

Koili yenyewe

Namba ya Toyota ya koili za Vitz na IST nyingi za 1NZ ni 90919-02240, ila thibitisha kwa namba ya chesesi ya gari lako kabla ya kulipa. Kati ya koili mpya ya bei ya kutupa na halisi ya mtumba iliyotoka kwenye injini nzima, mimi nachukua ya mtumba, mradi mpira wake ni laini, hauna ufa, na imepimwa kwa kuhamishwa kwenye gari mbele ya macho yangu. Mpira na springi yake huuzwa peke yake pia, jambo ambalo wenye magari wengi hawaambiwi.

Ukihamisha vyote na namba haihami

Pima nozeli: om 12 hadi 15 ni nzima kwa upande wa umeme, kisha isafishwe. Angalia gasketi ya manifodi ya hewa, hasa likimisi injini ikiwa baridi. Halafu pima kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote nne. Namba kubwa peke yake haitoshi. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya psi 14 hivi, weka kijiko cha oili kwenye shimo la plagi na upime tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.

Ile IST haikufika huko. Shimo la silinda ya 3 lilikuwa na oili hadi nusu, matatu mengine makavu. Plagi ilikuwa na mstari wa penseli upande mmoja na mwanya wa 1.5. PCV ilikuwa kimya. Nilifunga seti ya gasketi na ringi, PCV, plagi nne na mpira mpya mmoja kwenye ile koili ya nne iliyokuwa inakohoa. Ndiyo iliyomo hadi leo. Kisha nikazijaribu zile tatu za kwenye mfuko, moja baada ya nyingine, kwa mpira mpya. Mbili zilikuwa zimetoboka ndani. Moja iliwaka bila shida, na mwalimu anaiweka kwenye buti, imeandikwa tarehe kwa rangi nyeupe.